Samaki wa Dhahabu Akiugua, Anza na Maji

Nilisafisha sponji ya chujio siku ya Jumamosi. Niliiweka chini ya bomba, nikaikamua na kuikamua mpaka maji yakatoka meupe, nikajiona nimefanya kazi ya maana. Jumatano asubuhi samaki wangu alikuwa juu ya maji, mdomo nje, akimeza hewa kama mtu aliyepanda ghorofa nne kwa kukimbia. Mapezi ameyabana mwilini. Nikaenda duka la dawa, nikanunua vidonge vya rangi mbili, nikafungua viwili, nikamwaga unga wake ndani ya tangi. Maji yakageuka njano. Alhamisi jioni nikamtoa kwa upawa, amekufa.

Hakuwa na ugonjwa wa kutibiwa kwa kidonge. Ndani ya sponji ile chafu waliishi bakteria waliokuwa wakimsafishia maji. Klorini ya bomba iliwaua, amonia ikapanda, ikamuunguza matamvua. Halafu nikaja mimi na antibiotiki yangu, nikawamalizia hata wale wachache waliosalimika. Tangu hapo nimeuguza samaki wengine kadhaa, baadhi wakapona, baadhi nikawazika, na mengi ninayokuandikia hapa yanahusu maji. Dawa zina nafasi yake, ila ni ndogo kuliko wanavyodhani wauzaji.

Kabla hujagusa kitu

Ukimkuta samaki amezubaa chini, anahema juu au amelala ubavu, mkono wako usiingie kwenye tangi. Vuta kiti, kaa dakika tano umwangalie. Matamvua yanafunguka na kufunga haraka kuliko siku zote? Anajisugua kwenye mawe kama ng'ombe mwenye kupe? Ana madoa, utando, mapezi yaliyochakaa kingo? Simama umtazame kutoka juu: magamba yamelala, au yamesimama moja moja kama maganda ya nanasi? Kisha inamisha pua. Tangi zima hunuka kama udongo uliolowa mvua. Likinuka shombo au mkojo, nusu ya jibu umeshapata.

Nusu nyingine iko kwenye wiki iliyopita. Jiulize ni nini kilibadilika: umeleta samaki mgeni, umebadilisha chakula, umeosha chujio, umejaza maji moja kwa moja kutoka bombani, au umepuliza dawa ya mbu.

Hili la dawa ya mbu nitalikalia kidogo, kwa sababu watu hawalifikirii. Dawa nyingi za kupuliza zimetengenezwa kwa pareto, lile ua la nyanda za juu za Iringa na Nakuru, au kwa kemikali zilizoigwa kutoka pareto. Mtu akivuta kidogo hupiga chafya tu. Kwa samaki, kiasi kidogo mno ni sumu ya mishipa ya fahamu: anaruka, anazunguka kama pia, halafu anatulia moja kwa moja. Kufunika tangi kwa taulo wakati wa kupuliza hakutoshi kama pampu ya hewa inaendelea kufanya kazi, maana pampu hunyonya hewa ya chumba hichohicho na kuipeleka majini. Na nimewahi kuona tangi limefunikwa kwa kipande cha chandarua kikuukuu ili samaki asiruke nje. Wazo zuri, isipokuwa chandarua kilikuwa cha dawa. Kama umeshapuliza, fungua madirisha, badilisha nusu ya maji mara moja, na kesho ubadilishe tena.

Maji, hewa, njaa

Samaki wa dhahabu ni wa ukoo wa kapu, na asili yake ni China, ambako alianza kufugwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwenye madimbwi. Hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu, kwa hiyo hula, chakula hupita, hula tena. Anachafua kweli. Amonia humtoka kwa njia ya matamvua, kila dakika. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia kwa kiasi. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Ndiyo maana samaki aliyenunuliwa Jumapili pamoja na tangi jipya huugua wiki ya pili, na mwenye duka hulaumiwa kwamba ameuza samaki mgonjwa.

Kama una vipimo vya maji, pima amonia na nitriti. Zote mbili zinatakiwa ziwe sifuri, na hapo usijadiliane na kipimo. Nitrati ikiwa chini ya miligramu 40 kwa lita usihangaike nayo. Kama huna vipimo, usisubiri mpaka uvipate: badilisha maji theluthi moja hadi nusu leo, na tena kesho.

Maji mapya yasitoke bombani kwenda kwa samaki. Yakinge kwenye ndoo iliyo wazi, yakae saa 24, na ukiwa na pampu ya hewa itumbukize humo, klorini itapaa. Baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, na hiyo haipai hata ukisubiri wiki, kwa hiyo chupa ndogo ya dawa ya kuondoa klorini ni kitu cha kwanza cha kununua kabla ya kingine chochote. Maji ya simtanki yaliyolala siku mbili tatu huwa na klorini kidogo, lakini simtanki iliyopigwa na jua mchana kutwa inaweza kutoa maji ya kuogea mtoto. Yalinganishe na ya tangi kwa kipimajoto: tofauti isizidi nyuzi mbili. Kisima nacho kina mambo yake. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji magumu yenye chumvichumvi, na samaki aliyezoea maji ya bomba akihamishiwa humo kwa mkupuo mmoja hupata mshtuko unaofanana kabisa na ugonjwa.

Kuna hali moja ambapo kubadilisha maji mengi kwa pamoja ni kosa: tangi ambalo halijaguswa kwa miezi. Maji yake yamekuwa na asidi, na kwenye asidi amonia huwa haina makali sana. Ukimimina ndoo tatu za maji safi, asidi inapungua ghafla na amonia yote iliyokuwa imelala inaamka. Tangi la namna hiyo libadilishe maji robo au pungufu, asubuhi na jioni, siku nne tano.

Baada ya maji, hewa. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 ni kama 7 na nusu. Samaki huyu hustarehe kati ya nyuzi 18 na 24, na sebule ya Mombasa mwezi wa Februari haijui namba hizo. Ongeza jiwe la hewa, au inua mdomo wa chujio maji yaanguke kwa kishindo. Chupa ya maji iliyogandishwa, ikielea tangini kwa nusu saa, hushusha joto taratibu. Ikiyeyuka weka nyingine, ila usishushe zaidi ya nyuzi mbili tatu kwa siku moja. Umeme ukikatika usiku, chota maji ya tangi kwa kikombe, yainue kiasi cha urefu wa mkono, yamwage humohumo. Mara hamsini, pumzika, mara hamsini. Mkono utauma lakini samaki atafika asubuhi.

Tatu, mnyime chakula siku mbili au tatu. Najua inauma, hasa nyumba yenye bibi anayeamini kila mgonjwa dawa yake ni uji. Samaki wa dhahabu mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki nzima bila kula. Mgonjwa akipewa chakula hakili, kinaoza, amonia inapanda, na wewe unarudi ulikoanzia.

Nikikuhesabia samaki wote niliowaona wakipona nyumbani kwangu, wengi walipona kwa haya matatu peke yake.

Chumvi

Dawa ya nne iko jikoni, na ndiyo inayokosewa zaidi, kwa sababu watu hutia "kidogo". Kidogo cha nani? Pima kwanza ujazo. Chukua urefu wa tangi kwa sentimita, zidisha kwa upana, zidisha kwa kimo cha maji (cha maji, si cha kioo), gawanya kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 lenye maji ya kimo cha 30 lina lita 54.

Kwa samaki aliyechoka tu, au aliyepatwa na nitriti, gramu 1 kwa lita inatosha: gramu 54 kwenye tangi letu. Chumvi huzuia nitriti isipenye kwenye matamvua, na humpunguzia samaki kazi ya kutoa maji yanayoingia mwilini mwake saa zote. Kwa vimelea tunapanda hadi gramu 3 kwa lita, yaani gramu 162, lakini zigawe mara tatu, kila fungu baada ya saa 12. Tumia chumvi ya mawe isiyoongezwa viungo wala dawa ya kuzuia isigande. Muuza duka mwenye mizani atakupimia; vijiko vinadanganya, kwa sababu kijiko cha chumvi laini ni kizito kuliko cha chumvi ya mawe. Iyeyushe kwanza kwenye jagi la maji ya tangi, mimina polepole mbali na samaki. Toa mimea, maana itanyauka.

Sasa jambo linalowaponza hata wazoefu: chumvi haipai na mvuke. Maji yakipungua kwa joto, unajaza maji matupu. Ukitoa lita 20 kubadilisha, unarudisha chumvi ya lita 20, si ya tangi zima. Nilipuuza hesabu hiyo mwaka mmoja, na kufikia siku ya kumi nilikuwa na bahari ndogo sebuleni.

Ukitaka kumtenga mgonjwa, beseni pana la plastiki la lita 40 linafaa kuliko bakuli zuri la kioo. Lisiwe limewahi kufuliwa nguo. Sabuni hujificha kwenye mikwaruzo ya plastiki. Weka jiwe la hewa, funika nusu kwa kitambaa cheusi apate kivuli, badilisha nusu ya maji kila siku kwa sababu humo hamna bakteria wa kumsaidia.

Unachokiona, na maana yake

Madoa meupe kama punje za chumvi, mwilini na kwenye mapezi, ni kimelea. Anakaa chini ya ngozi ya samaki akinenepa, anadondoka, anajifungia kwenye mawe ya chini, anazaliana kwa mamia, na watoto wanatoka kumtafuta samaki. Ni hao watoto wanaoogelea tu ndio wanaokufa kwa chumvi; aliye chini ya ngozi na aliyejifungia hawaguswi. Kwa hiyo madoa yakitoweka siku ya tano usifungue shampeni. Endelea na gramu 3 kwa lita kwa siku 10 hadi 14 kwenye joto la pwani, ambako mzunguko mzima huchukua siku chache tu. Ukiwa Arusha, Njombe au Limuru, chumba kikiwa na baridi, mzunguko hujikokota wiki nzima au zaidi. Hapo kaza wiki tatu.

Ila kabla ya kutibu angalia madoa yalipo. Yakiwa kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani tu, yamepangika kwa mstari, na samaki anawakimbiza wenzake kwa nguvu zote, hongera: una dume lililobalehe. Vipele vya uchumba havina dawa.

Mapezi yaliyochakaa kingo, yenye weupe au wekundu, kwa kawaida ni bakteria waliopata nafasi kwa sababu maji yalikuwa machafu. Badilisha maji kila siku kwa wiki, weka chumvi gramu 1 hadi 2 kwa lita, na utaona ukingo mpya mwembamba, unaopitisha mwanga, ukiota. Pamba nyeupe mdomoni au mgongoni inaweza kuwa ukungu au bakteria wanaojifanya ukungu. Ikienea kwa siku moja au mbili, huyo anahitaji dawa halisi na mtu wa kuipima. Mabaka meusi yanayotokea samaki akianza kuchangamka yasikutishe, mara nyingi ni kovu la kuungua kwa amonia.

Anayeelea kichwa chini au tumbo juu, hasa wale wa duara wenye umbo la yai na mkia wa kanga, mara nyingi ameshiba hewa. Mwili wao umefinywa na wafugaji wa karne nyingi hadi utumbo na kibofu cha hewa vikabanana kama abiria wa daladala. Kibofu chao kimeunganika na njia ya chakula, na punje zinazoelea huwafanya wameze hewa. Mnyime chakula siku tatu. Siku ya nne mpe njegere moja iliyochemshwa ikalainika, iliyomenywa ganda, iliyopondwa kwa ukucha. Baadaye loweka punje dakika kumi kabla ya kumpa, au nunua zinazozama. Wengine hawanyooki kamwe, lakini wanaishi. Nilikuwa na mmoja aliyeogelea kimshazari mwaka na nusu, akila vizuri, bila kumdai mtu kitu. Akikaa mgongo nje ya maji, hakikisha haukauki.

Magamba ya nanasi ni habari mbaya. Maana yake figo zimeshindwa kutoa maji na mwili umefura. Mtenge, mpe chumvi ya haluli, ile ya kuharisha inayouzwa maduka ya dawa, robo kijiko cha chai kwa lita 40, na maji safi kila siku. Ukimwahi magamba yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kunyanyuka, yupo anayerudi. Wengi hawarudi.

Kuhusu vile vidonge vya rangi mbili: ni tetrasaiklini, ambayo kwenye maji magumu hushikana na madini na kupoteza nguvu, huku ikiua bakteria wa chujio. Antibiotiki inapohitajika kweli, njia ya maana ni kupitia chakula au sindano, kwa kipimo. Daktari wa mifugo wa mtaani kwako pengine hajawahi kushika samaki wa sebuleni, lakini anajua dozi na uzito. Afisa uvuvi wa halmashauri naye, anayewahudumia wafugaji wa sato na kambare, anaweza kumtambua chawa wa samaki au mnyoo nanga kwa kutupa jicho. Nenda na picha na video, pamoja na maji ya tangi kwenye chupa safi.

Ikishindikana

Kuna samaki ambaye umefanya yote na bado amelala chini, anafura, haamki hata mwanga ukiwashwa. Usimvute kwa choo akiwa hai, wala usimtupe mtoni. Samaki wa dhahabu wameshageuka kero kwenye maziwa na mito ya nchi kadhaa walikotupwa na watu wenye huruma. Kumweka kwenye friji pia si usingizi mwema.

Tumia mafuta ya karafuu, yaleyale ya Zanzibar na Pemba unayopakia jino. Kiini chake, yujenoli, humlaza samaki usingizi. Muweke kwenye chombo chenye lita moja ya maji ya tangi lake. Kwenye kichupa chenye maji ya uvuguvugu weka matone matatu, tikisa mpaka yawe meupe kama maziwa, mimina kidogokidogo. Ndani ya dakika chache atapinduka na hatashtuka ukimgusa. Hapo tikisa matone mengine kumi, mimina yote. Matamvua yakishatulia usiharakishe. Mwache nusu saa nyingine. Chumba kitanuka kama cha daktari wa meno. Mzike penye kina ambacho paka hatafika.

Tangi usilivunje wala usilioshe kwa jiki. Kama alikuwa na madoa meupe, vimelea visivyopata samaki hufa vyenyewe kwa joto letu ndani ya siku chache; acha wiki mbili kwa usalama, nne kama uko kwenye baridi. Chujio liendelee kufanya kazi muda wote huo. Bakteria waliomo nao wanahitaji kula, kwa hiyo kila asubuhi tupia punje mbili tatu za chakula ndani ya maji yasiyo na samaki. Watoto watakuuliza unamlisha nani.